Namba moja, mambo yote: jinsi ya kulinda laini, WhatsApp na pesa za simu Lubumbashi

Lubumbashi, namba ya simu ya mtu imebeba nusu ya maisha yake. Juu ya namba hiyohiyo kuna WhatsApp ya familia, kundi la kwaya, likelemba (mchango wa zamu) ya akina mama wa soko la mtaa wa Kenya, dola kidogo kwenye M-Pesa au Airtel Money, na Facebook inayotegemea namba hiyo siku neno la siri likisahauliwa. Ndiyo maana mwizi wa mtandaoni hahitaji kuwa fundi wa kompyuta. Anatafuta kode ya tarakimu 6 ya WhatsApp, au namba ya siri ya pesa, au laini yenyewe. Akishapata kimoja, anakitumia kuvuta vingine.

Majina ya menyu hapa yameachwa kwa Kifaransa kwa sababu simu nyingi mjini zimewekwa kwa lugha hiyo. Tenga saa moja siku umeme upo, simu ikiwa na chaji, na uwe na daftari na kalamu karibu. Kuna mambo ya kuandika ambayo hayatakiwi kukaa ndani ya simu.

Laini kwanza

Laini nyingi hununuliwa barabarani zikiwa zimeshawashwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Inapiga, inapokea, inaingiza mega (data ya intaneti), na mwenye nayo haoni kasoro hadi siku simu inapoibiwa. Anaenda kwenye duka la kampuni kuomba laini mpya yenye namba ileile, anatoa kadi ya mpiga kura, na jina lililo kwenye kompyuta si lake. Namba imekwenda, pamoja na pesa na WhatsApp zilizokuwa juu yake. Kwa hiyo hatua ya kwanza inafanyika dukani, kabla ya kugusa menyu yoyote:

1. Nenda kwenye duka rasmi la kampuni yako ya simu, si kwenye kabini (kibanda cha wakala wa pesa za simu), ukiwa na kadi ya mpiga kura au pasipoti.
2. Uliza laini imeandikwa kwa jina la nani. Kama si lako, omba iandikwe upya kwa jina lako.
3. Hakikisha jina la akaunti ya pesa linalingana na jina la laini. Mara nyingine laini ni ya mtu mmoja na akaunti ya pesa imefunguliwa kwa jina la mwingine, na siku ya mgogoro kila upande unakurusha kwa mwenzake.
4. Omba namba ya PUK ya laini hiyo, yaani ile inayofungua kadi ya SIM iliyojifunga, uiandike kwenye daftari.

PUK hiyo itahitajika sasa hivi. Kadi ya SIM ina kufuli yake mwenyewe, tofauti na kufuli ya skrini. Bila kufuli hiyo, mwizi anatoa kadi kwenye simu yako, anaiweka kwenye simu yake, anaomba kode ya WhatsApp na inamfikia yeye. Hahitaji kujua jinsi ya kufungua skrini yako.

Fungua «Paramètres», andika «SIM» kwenye sehemu ya kutafuta iliyo juu (Tecno, Itel, Infinix na Samsung kila moja imeficha kitufe hiki mahali pake), kisha chagua «Verrouillage de la carte SIM». Simu itaomba PIN ya sasa, ambayo kwa kawaida imeandikwa kwenye plastiki iliyokuja na kadi. Plastiki ikiwa imepotea, usibahatishe. Ukikosea PIN mara 3, kadi inajifunga na kudai PUK ya tarakimu 8. Ukikosea PUK mara 10, kadi inakufa kabisa. Ukishawasha kufuli, badilisha PIN iwe yako. Kuanzia hapo simu ikizimwa na kuwashwa itaidai, na watu wengi huchoka wakaiondoa baada ya wiki moja. Usiiondoe.

Kisha angalia kama simu zako zinaelekezwa kwa mtu mwingine. Piga *#21#. Jibu litakuambia kama kuna «renvoi d'appel» na kwa namba gani. Kama kuna namba usiyoijua, piga ##002#, ambayo inafuta maelekezo yote. Hii inahusu hila moja inayofanya kazi vizuri mno: mtu anakupigia akijifanya wa kampuni ya simu, anakuambia umeshinda mega na ubonyeze **21* ikifuatiwa na namba fulani na #. Ukibonyeza, simu zote zinazokuja kwako zinakwenda kwake. Halafu anaiambia WhatsApp itume kode kwa kupiga simu, si kwa ujumbe. Simu hiyo inamfikia yeye, anasikiliza tarakimu 6, na wewe husikii hata mlio. ##002# inazima pia njia ya kupeleka simu kwenye «messagerie vocale» (sanduku la ujumbe wa sauti), na hilo ni jema kama huitumii, maana kode iliyosomwa kwa sauti inaweza kubaki huko ikingoja mtu wa kuisikiliza.

WhatsApp: kufuli ya pili

Mlango wa kwanza wa WhatsApp ni kode inayokuja kwa ujumbe. Wa pili unaujenga mwenyewe: «Paramètres», «Compte», «Vérification en deux étapes», «Activer». Unachagua PIN ya tarakimu 6. Mtu akiiba kode ya ujumbe, bado atakutana na PIN hii.

PIN mbaya tunazozijua ni mbili: siku ya kuzaliwa ya mtoto, ambayo ipo kwenye Facebook yako pamoja na picha ya keki, na namba ya siri ya pesa iliyoongezwa sifuri mbili mwishoni. Ya pili ni hatari zaidi, kwa sababu anayeijua moja amejua zote mbili. WhatsApp itakuuliza PIN hiyo mara kwa mara ili usiisahau. Jibu, usikasirike.

Baada ya PIN, WhatsApp inaomba anwani ya barua pepe. Wengi huruka hapo, na ni kosa: bila barua pepe, ukisahau PIN unaweza kulazimika kungoja siku 7 kabla ya kuingia tena kwenye akaunti yako. Lakini barua pepe hiyo iwe yako kweli. Mjini hapa Gmail nyingi zilifunguliwa na muuza simu siku ya kununua, ili «Play Store» ifanye kazi, na neno la siri likabaki kichwani mwake au kwenye daftari lake. Huenda ni mtu mwema kabisa. Hata hivyo, anayeshika Gmail yako anashika nakala za mazungumzo, picha, namba zote ulizohifadhi, na uwezo wa kuifunga au kuifuta simu yako akiwa mbali. Ingia «Paramètres», «Google», kisha ukurasa wa akaunti yako, sehemu ya «Sécurité». Badilisha neno la siri, tazama orodha ya simu zilizoingia na utoe usizozijua, kisha weka namba yako kama namba ya kurudishia akaunti. Kama neno la siri la zamani hulijui na namba ya kurudishia si yako, fungua Gmail mpya leo na uhamie huko taratibu.

Ukiwa bado ndani ya WhatsApp, fanya haya kwa haraka:

– «Confidentialité», «Groupes»: weka «Mes contacts», ili mtu asiyekujua asikuingize kwenye kundi la kuwekeza dola.
– «Photo de profil»: weka «Mes contacts». Matapeli hunakili picha na jina lako, wanaviweka kwenye namba mpya, na kuwaandikia jamaa zako «nimebadilisha namba». Hapo hawahitaji kode yoyote.
– «Discussions», «Sauvegarde des discussions», «Sauvegarde chiffrée de bout en bout»: nakala inafungwa kwa neno la siri lako. Liandike kwenye daftari. Likipotea, si Google wala WhatsApp wanaoweza kukufungulia.

Na kama unatumia GBWhatsApp au WhatsApp yoyote iliyopitishwa kwa Bluetooth au Xender, iondoe. Tunajua watu wanaipendea nini: kuona ujumbe uliofutwa, kuficha kwamba umesoma. Lakini hiyo si programu ya WhatsApp wenyewe. Hakuna anayekuhakikishia ujumbe wako unapitia wapi, na WhatsApp huzifungia namba zinazoitumia. Hifadhi kwanza mazungumzo unayoyahitaji, kisha pakua ya kweli kutoka «Play Store».

Simu inapotoka mkononi mwako

Hili ndilo eneo linalosahauliwa kuliko yote, na hapa kwetu lina uzito wa pekee. Umeme ukikatika Katuba au Ruashi, simu inapelekwa kwenye kibanda cha kuchaji na inakaa huko saa tatu, nne, pamoja na simu nyingine thelathini. Ikiharibika kioo, inalala kwa fundi, na fundi anaomba mchoro wa kufungua skrini «ili nijaribu».

Mambo mawili yanaweza kutokea. La kwanza halihitaji hata kufungua simu: mtu anaandika namba yako kwenye WhatsApp yake, ujumbe wa kode unafika, na tarakimu 6 zinaonekana juu ya skrini iliyofungwa. Anazisoma, anafuta, anaendelea. Dawa yake ni kuficha maandishi ya ujumbe kwenye skrini iliyofungwa: «Paramètres», «Notifications», kisha sehemu ya «écran de verrouillage», chagua kuficha maudhui. Utaendelea kuona kwamba ujumbe umefika, bila kuona unasema nini. Jaribu mara moja: funga simu, mwambie jirani akutumie ujumbe, utazame kinachoonekana.

La pili linahitaji simu iliyofunguliwa kwa sekunde kumi. Mtu anaingia WhatsApp yako, «Appareils connectés», anapiga picha kwa simu yako mraba wa QR unaoonyeshwa na kompyuta yake, na kuanzia hapo anasoma kila kitu huku WhatsApp yako ikiendelea kama kawaida. Wivu wa nyumbani hupitia njia hii zaidi ya wizi. Akaunti moja inakubali vifaa 4 vya ziada, kwa hiyo mtu anaweza kuwepo hapo miezi mingi bila kugongana na wewe. Fungua «Appareils connectés» kila Jumapili na usome orodha: jina la kifaa na saa kilipotumika mara ya mwisho. Usichokijua, kibonyeze, kisha «Se déconnecter».

Kwa fundi wa kioo, toa kadi ya SIM na kadi ya kumbukumbu, ubaki nazo. Fundi hahitaji laini yako ili kubadilisha kioo. Akihitaji kujaribu mguso, njoo ufungue mwenyewe. Kwenye kibanda cha kuchaji ni rahisi zaidi: zima simu kabisa. Inachaji haraka zaidi, na kwa kuwa umeweka PIN ya laini, anayeiwasha hafiki popote.

Jinsi kode inavyoombwa

Wanaoomba kode hawasemi «nipe kode nikuibie». Wanaandika kutoka namba ya mtu unayemjua, kwa sababu WhatsApp ya mtu huyo imeshaibiwa asubuhi: «Yaya, nimetuma kode fulani kwako kwa makosa, nisaidie uniandikie.» Au ni msimamizi wa kundi la kanisa anayetaka kukuongeza kwenye mkutano wa video. Au ni mtu wa msaada wa chakula anayethibitisha jina lako kwenye orodha. Sababu hubadilika kila mwezi. Tarakimu ni zilezile 6, na ujumbe uliozileta wenyewe unasema usimpe mtu. Hakuna kundi, mkutano wala orodha duniani inayohitaji kode ya WhatsApp yako.

Kuna hila mpya kidogo inayogeuza mambo. Unaletewa kiungo cha kumpigia kura mtoto wa jamaa kwenye shindano la densi. Ukurasa unakuomba namba yako, kisha unakupa kode ya herufi na tarakimu 8 na kukuambia uiandike ndani ya WhatsApp «kuthibitisha kura». Hapo hujaombwa kutoa kode, umeombwa kuingiza. Watu waliozoea kusikia «usitoe kode» wanaona hakuna ubaya. Ukiingiza, umeunganisha kompyuta ya mwizi na akaunti yako. Kwa hiyo kanuni ina pande mbili: tarakimu 6 hazitoki, na herufi 8 haziingii.

Ukipokea ujumbe wa kuomba pesa kutoka kwa mtu wako, tazama lugha kwanza. Mdogo wako anayekuandikia kila siku Kiswahili cha Lubumbashi hawezi kuamka leo na Kifaransa cha barua ya ofisi: «Bonjour, j'ai une urgence.» Tazama pia jina la anayepokea pesa. «Nitumie dola 50 kwa namba ya rafiki, yangu imejaa» ni alama ya wizi karibu kila mara. Kisha mpigie kwa simu ya kawaida, si kwa WhatsApp, maana simu ya WhatsApp itapokewa na yule aliyeiiba, au itakatwa na kufuatiwa na «niko kwenye kelele, andika tu». Mtu wako asipopokea simu ya kawaida, ngoja. Dharura ya kweli inavumilia dakika kumi za kumtafuta jirani yake.

Pesa za simu

Pesa zinaibiwa kwa njia fupi zaidi. Unapokea ujumbe unaosema umeingiziwa faranga 85,000, kisha simu ya mtu anayelia: ametuma kwa makosa, ni pesa za hospitali, mrudishie. Usisome ujumbe, soma salio. Piga mwenyewe *1122# kwa M-Pesa, *501# kwa Airtel Money au *144# kwa Orange Money, uingie sehemu ya salio, la faranga na la dola, maana akaunti ina mifuko miwili. Ujumbe wa uongo mara nyingi huja kutoka namba ya kawaida ya kuanza na 08 au 09, huku ule wa kweli ukija kwa jina la huduma. Hata kama pesa zimeingia kweli, usizirudishe kwa mkono wako. Mwambie apeleke dai kwa kampuni yake, kampuni ndiyo irudishe. Ukimtumia wewe, naye akadai tena kwa kampuni, utakatwa mara mbili.

Kwenye kabini, mambo matatu yatosha. Andika namba ya siri mwenyewe, ukiwa umeikinga kwa kiganja, na kama muhudumu amewahi kukuandikia, ibadilishe leo. Soma jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha. Ukiona jina tofauti na la unayemtumia, ghairi. Na ukiona dirisha la kuthibitisha malipo usiyoyaanzisha, bonyeza «Annuler», hata kama kuna mtu kwenye simu anakuambia dirisha hilo ni la kupokea pesa. Kupokea pesa hakudai namba ya siri. Sentensi hiyo ifundishe kwa wazee wa nyumbani hadi waiseme wenyewe.

Likelemba ya WhatsApp inahitaji uangalifu wake, kwa sababu mama mtunza hazina akiibiwa akaunti, watu kumi na wawili wanaweza kutuma zamu yao kwa mwizi ndani ya saa moja. Kubalianeni kwa mdomo, mkiwa mmekaa pamoja: namba ya kupokelea haibadilishwi kwa ujumbe wa kundi. Ikibidi kubadilishwa, mtunza hazina anawapigia wanachama wawili waliochaguliwa, nao wanasikia sauti yake kabla ya kuthibitisha kwa wengine. Orodha ya namba za wanachama iandikwe kwenye daftari la likelemba. Siku kundi likitekwa, daftari hilo ndilo litakalowafikia watu.

Kazi za mgodini na mizigo ya kwenye status

Mkoa huu unaishi kwa madini, na matapeli wanalijua hilo. Matangazo ya kazi za Kolwezi na Likasi yenye nembo ya kampuni kubwa huzunguka kwenye makundi kila wiki, yakidai «frais de dossier» (ada ya faili) au malipo ya vipimo vya daktari kwa namba ya pesa ya mtu binafsi. Mwajiri wa kweli halipwi na anayetafuta kazi. Tazama anwani ya barua pepe: kampuni yenye maelfu ya wafanyakazi haipokei maombi kwa Gmail. Usibonyeze kiungo, tafuta tovuti ya kampuni mwenyewe, au ulizia kwenye ofisi ya ONEM, shirika la serikali la ajira.

Hata usipolipa, kuna kitu wanachochukua: picha ya kadi yako ya mpiga kura, mbele na nyuma, pamoja na picha ya uso wako. Kwa hivyo viwili mtu anaweza kuomba laini kwa jina lako. Ikibidi kutuma nakala, fungua picha kwenye simu, tumia kalamu ya kuhariri uandike katikati, juu ya maandishi: «Kwa maombi ya kazi, kampuni fulani, tarehe fulani.» Nakala iliyochorwa hivyo haifai kwa kazi nyingine.

Kwa bidhaa, iwe simu kutoka Dubai au mifuko ya unga iliyovuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa, mwambie muuzaji akupigie kwa video akionyesha mzigo pamoja na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Picha pekee haithibitishi kitu. Ipitishe kwenye Google Lens uone imetumika wapi kwingine. Akidai nusu ya pesa kabla ya kuuona mzigo, na humjui kwa uso wala kwa duka, achana naye.

Makundi yanayoahidi kuweka dola 20 na kuvuna 100 kwa wiki hayahitaji uchunguzi. Wanaolipwa mwanzoni wanalipwa kwa pesa za waliokuja nyuma yao, hadi waliokuja nyuma waishe. Wazazi wetu waliona jambo hilo Kinshasa mwaka 1991 kwa jina la Bindo Promotion, bila WhatsApp.

Facebook kwa ufupi

«Paramètres», «Espace Comptes», «Mot de passe et sécurité», kisha «Authentification à deux facteurs». Pakua kode za akiba na uzinakili kwenye daftari. Ukitoka hapo, tazama mahali ulipoingia na utoe simu za zamani. Namba yako na tarehe ya kuzaliwa viwe «Moi uniquement». Akaunti ikishatekwa, anzia facebook.com/hacked, ukitumia simu uliyozoea kuingilia, kwa sababu Facebook inaitambua.

Nusu saa ya kwanza baada ya kuibiwa

Ukiona WhatsApp imekutoa na kusema namba yako imesajiliwa kwenye simu nyingine, usianze kwa kuandika kwenye status ya mtu. Anza hapa:

1. Fungua WhatsApp, andika namba yako kwa +243, omba kode, iingize. Papo hapo mwizi anatolewa.
2. Ikidai PIN ambayo hukuiweka, maana yake ameiweka yeye. Utangoja hadi siku 7, lakini naye hayupo tena ndani tangu ulipoingiza kode ya ujumbe. Tulia.
3. Ikikuambia ungoje saa kadhaa kabla ya kuomba kode nyingine, ni kwa sababu mwizi ameandika kode za uongo mara nyingi makusudi ili akufungie mlango. Acha saa ihesabu. Ukijaribu tena na tena unaongeza muda.
4. Wakati huohuo mtu mwingine wa nyumbani awapigie simu wasimamizi wa makundi waiondoe namba yako, akianzia likelemba, kisha familia, kisha kazi.
5. Ukirudi ndani, safisha «Appareils connectés» na uweke PIN na barua pepe.

Kama pesa zimetoka, kasi ndiyo kila kitu. Kampuni inaweza kuzuia pesa zikiwa bado kwenye akaunti ya aliyepokea. Zikishatolewa kabini, hazizuiliki. Piga huduma ya wateja ukiwa na namba ya muamala, saa, kiasi na namba iliyopokea, kisha nenda dukani ukiwa na kitambulisho. Na kama laini yako imepoteza mtandao ghafla huku simu za wenzako za kampuni hiyohiyo zikishika, usingoje jioni. Huenda mtu amepewa laini yako.

Usifute mazungumzo kwa hasira. Kongo ina Code du numérique (sheria ya mambo ya kidijitali) tangu tarehe 13 Machi 2023, Ordonnance-loi namba 23/010, na malalamiko yanapelekwa polisi au parquet (ofisi ya mwendesha mashtaka) yakiwa na ushahidi. Piga picha za skrini zinazoonyesha namba yenyewe. Jina ulilohifadhi wewe halimtambulishi mtu. Fungua taarifa za mwasiliani, namba ionekane, upige picha hapo. Kisha tumia «Exporter la discussion» ujitumie faili kwa barua pepe.

Mtu akikutishia kusambaza picha zako za siri, usimlipe. Anayelipwa mara moja hurudi. Hifadhi vitisho, mfungie, kisha tumia StopNCII.org: simu yako inatengeneza alama ya picha bila picha kutoka mikononi mwako, na mitandao shirikishi, ikiwemo Facebook, Instagram na TikTok, inaitumia alama hiyo kuzuia picha isipandishwe. Kwa aliye chini ya miaka 18 kuna Take It Down, inayofanya kazi kwa namna hiyo. Na ukiwa mzazi uliyeletewa habari hii na binti au kijana wako, fanya hatua hizo kwanza pamoja naye. Maswali ya «kwa nini ulituma» yasubiri, maana anayeogopa kukemewa ndiye anayeishia kulipa.

Laini ulizoziacha

Wengi wana laini tatu: moja ya kupiga, moja ya mega, moja ya pesa. Wanaokwenda Kasumbalesa na ng'ambo yake wana na ya Zambia, ya kuanza na +260, ambayo siku fulani walifungulia WhatsApp. Laini isiyotumiwa miezi mingi hufungwa na kampuni, kisha namba huuzwa kwa mtu mwingine. WhatsApp yenyewe hufuta akaunti iliyokaa siku 120 bila kutumika, lakini kama bado unaitumia akaunti hiyo kwa Wi-Fi huku kadi ikiwa imetupwa, haitafutwa. Atakayenunua namba ataomba kode na kuingia mahali pako, ndani ya makundi yako.

Kabla ya kuacha laini, ingia «Compte», «Changer de numéro», uhamishe akaunti kwenda namba unayobaki nayo na uwajulishe wasiliani wako kwa kitufe kilicho hapohapo. Toa salio lote la faranga na la dola. Ondoa namba hiyo kwenye Gmail na Facebook. Ndipo uivunje kadi.